"Itatoka ikiwa tayari": sentensi iliyomgharimu baba mdogo



Nimepotea hapa kijiweni karibu wiki tatu, mtanisamehe. Testi zimefuatana kama siafu, umeme wa hosteli unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, na boom... tusiliongelee boom leo. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimeacha blogu, sijaacha. Nilikuwa sina hasira ya kutosha tu. Leo ninayo.

Jana Jumamosi tulikaa kikao pale vimbwetani, sisi sita tunaotengeneza ile programu ya kuandikia pamba niliyowahi kuwasimulia. Kwa wageni: ni programu huria, yaani msimbo wake (wenyewe tunauita kodi, sio ile ya TRA) uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bure. Kazi yake ni ndogo. Karani wa chama cha msingi anaingiza jina la mkulima, kilo zake, na daraja la pamba kama ni safi au fifi. Programu inajumlisha, inakata deni la pembejeo, inachapa stakabadhi. Inatembea kwenye laptopu kuukuu bila intaneti. Basi.

Ajenda ilikuwa moja: toleo lijalo litoke lini? Mshkaji mmoja, ambaye kwa kuandika programu hapa chuo sijaona wa kumfikia, akajibu bila hata kuinua macho kwenye skrini: "Itatoka ikiwa tayari." Wengine wakatikisa vichwa. Mwingine akaongeza: "Hii ni kazi huria bwana, haina dedilaini." Kikao kikafungwa, tukaenda kula chipsi mayai.

Sikusema kitu. Nimekesha na hiyo sentensi. Leo nasema hapa mbele ya wote kile nilichoshindwa kusema jana: "itatoka ikiwa tayari" sio mpango. Ni njia ya heshima ya kukataa kuahidi. Na ninayo haki ya kulisema hili, kwa sababu hiyo sentensi nimewahi kuitumia mwenyewe, kwa mtu ninayemheshimu, na yeye ndiye aliyeilipia.

KILICHOTOKEA NYUMBANI

Kwetu ni Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu. Ukitoka Shinyanga unafika Kolandoto, unashika barabara ya kwenda Lalago, utatukuta. Watu wa mbali wakisikia Kishapu wanawaza almasi za Mwadui. Sisi ambao hatuna almasi tuna pamba.

Baba mdogo ni karani wa chama cha msingi kimoja huko vijijini, jina nalihifadhi. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoelekeza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, kazi ya karani imekuwa kubwa. Msimu ukikolea, watu wamepanga foleni toka alfajiri na mafurushi yao, yeye ana kaunta buku, kalamu mbili na kikokotoo. Usiku anajumlisha kwa mwanga wa tochi ya simu. Akikosea tarakimu moja, kuna mtu anakosa ada ya mtoto.

Mwaka jana nilipomweleza habari ya programu yetu alifurahi mpaka nikaona aibu. Akaenda kuisemea kwenye kamati ya chama. Kuna mzee mmoja pale alipinga sana, alisema vijana wa chuo wanapenda kujaribia vitu kwa watu maskini. Baba mdogo akasimama kutudhamini kwa neno lake. Kamati ikakubali kununua printa ndogo ya stakabadhi. Printa ilinunuliwa Februari. Nilipigiwa simu siku hiyo hiyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mashine imefika. Hiyo programu yenu inakuja lini?"

Nikajibu, tena kwa sauti ya msomi: "Itatoka ikiwa tayari baba, tunataka iwe nzuri."

"Ni sawa. Ila unajua msimu unafunguliwa Mei."

Nilijua. Nimezaliwa kwenye pamba, nitakosaje kujua? Lakini kujua ni kitu kimoja, kuandika tarehe ukutani ni kingine. Machi mmoja wetu akaamua kubomoa hifadhidata yote na kuijenga upya, kwa sababu ile ya mwanzo "haikuwa safi". Aprili mwingine akaanza kutengeneza sehemu ya kutuma SMS kwa mkulima. Mimi mwenyewe, naungama, nilikuwa nachora grafu. Grafu za rangi! Hakuna mtu hata mmoja Kishapu aliyekuwa ameomba grafu. Mei ikaingia, mizani ikaanza kufanya kazi, programu ikawa vipande vipande mezani.

Tuliitoa katikati ya Juni. Tulishangilia, tulipiga picha. Nikaituma kwa flashi kupitia jamaa aliyekuwa anasafiri. Baba mdogo akaiweka siku hiyo hiyo, kwa sababu printa ilikuwa imekaa miezi minne kwenye boksi na yule mzee alikuwa anauliza kila kikao. Matokeo yake wiki sita za kwanza ziko kwenye kaunta buku, zilizofuata ziko kwenye kompyuta, na yeye usiku anahamisha za nyuma huku mchana anapokea mpya. Kuna mama mmoja wa makamo kilo zake 84 zikapotelea hapo katikati. Kwenye stakabadhi mpya hazimo, na kwenye kitabu ukurasa ulirukwa wakati wa kuhamisha. Alikuja ofisini siku tatu mfululizo kwa miguu. Siku ya tatu baba mdogo akamlipa kwa pesa yake ya mfukoni. Ukurasa ulionekana baadaye. Lakini kamati ilikuwa imeshaamua: kompyuta ifungwe, warudi kwenye kitabu.

Nilipokwenda likizo aliniandalia michembe na karanga kama kawaida, hakunilaumu hata neno moja. Aliniuliza masomo yanaendaje. Bora angenitukana.

Sasa sikilizeni. Programu haikuwa na kosa kubwa. Nimeipitia mara nyingi, hesabu zake zilikuwa sahihi. Toleo lile lile, lingetoka Aprili likiwa na nusu ya vipengele vyake, lingefanya kazi msimu mzima. Kilichomuumiza yule mama ni tarehe. Huwezi kubadili mizani watu wakiwa kwenye foleni.

"LAKINI SISI NI WA KUJITOLEA"

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza niliyoisikia jana. Hatulipwi, kwa hiyo hakuna wa kutupangia.

Jamani. Kwetu Usukumani kuna vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Wachezaji hawana mshahara, ni wakulima na wafugaji. Lakini sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Mwanza, inakuja Juni kila mwaka, inafuata Ekaristi ya kanisani, na kila kikundi kinajua. Umewahi kusikia kikundi kinasema "tutacheza tukiwa tayari"? Siku ikifika unacheza na ulichonacho. Kama yule nyoka wako hajazoea watu, unamwacha nyumbani, unacheza bila nyoka. Mwaka ujao utakuja naye.

Au chukua kamati ya harusi, maana hapa chuo hakuna asiyeombwa mchango. Wote ni wa kujitolea. Kadi zimechapwa, tarehe imetangazwa kanisani au msikitini. Michango ikipungua mnakata matarumbeta, mnakata keki ya ghorofa tatu, mnahamia ukumbi wa bei nafuu. Hamkati tarehe. Tena ni hiyo tarehe inayowafanya watu watoe michango. Kamati isiyo na tarehe haichangiwi hata shilingi.

Mtu wa kujitolea anahitaji tarehe kuliko mwajiriwa. Mwajiriwa hata bosi akinyamaza mwisho wa mwezi unamleta kazini. Mimi ninayejitolea nina jioni mbili kwa wiki baada ya maktaba. Nikijua kwamba mlango unafungwa Machi, nitazitumia. Nikiambiwa mlango hauna siku ya kufungwa, nitaenda kuangalia mpira, na nitakuwa na sababu nzuri.

Hili halikugunduliwa leo. Mjerumani au Mwaustria, tusibishane, jina lake ni Martin Michlmayr, aliwahi kuwa kiongozi wa mradi wa Debian kati ya 2003 na 2005, halafu akaenda Cambridge kuandika tasnifu ya udaktari iliyokamilika 2007, juu ya jinsi miradi huria ya watu wa kujitolea inavyotoa matoleo yake. Aliichunguza Debian, GNOME, Linux yenyewe, OpenOffice na mingine. Alichokuta ni kwamba miradi mingi iliyokuwa inasubiri vipengele vikamilike ilikuwa inaelekea kwenye kutoa kwa kalenda, na kalenda inawasaidia watu waliotawanyika kujua wapange nini lini bila kuulizana kila siku. Ndugu zangu, sisi ni sita tu, tunalala hosteli moja, na bado hatukujua.

NOAH NA BASI

Ngoja niliweke kwa lugha ya stendi. Gari ndogo za kwetu za kwenda Shinyanga zinaondoka zikijaa. Unakaa ndani, joto, kondakta anakwambia "bado mmoja tu". Anaingia mmoja, anashuka mwingine kununua maji, bado mmoja tu. Ukiwa na safari ya kwenda kutembea tu, haina shida. Ukiwa na mgonjwa, utalia.

Basi la Dar lina saa yake. Likifika saa ya kuondoka linaondoka, hata siti tatu zikiwa wazi. Aliyechelewa hajafukuzwa duniani, atapanda la kesho.

Miradi mikubwa imehama toka Noah kwenda basi. GNOME baada ya toleo lao la 2.0 mwaka 2002 walishika mwendo wa miezi sita. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoa toleo la kwanza Oktoba 2004 ikaliita 4.10, yaani mwaka na mwezi, na mpaka leo wako Aprili na Oktoba. Linux yenyewe, ule moyo wa ndani, siku hizi inatoka kila baada ya wiki 9 au 10. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kupokea vitu vipya, zinazobaki ni za kutafuta makosa. Ukikosa zile wiki mbili, hakuna anayekuchukia. Unasubiri safari inayofuata, na safari inayofuata unaijua.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo mshkaji wangu haioni. Yeye anaogopa tarehe itamlazimisha kutoa kitu kibovu. Kinyume chake! Kama hakuna tarehe, kila mtu anasukuma kipengele chake kiingie SASA, kwa sababu hajui toleo jingine litakuja mwaka gani. Ndio maana mimi nilikomaa na grafu zangu. Ningejua kuna toleo lingine Oktoba, ningeziweka pembeni bila kinyongo.

"BORA ICHELEWE IWE NZURI"

Hoja ya pili. Na hapa Kiswahili chetu kinatupa methali kila upande: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Kwa hiyo methali tuziache, tuangalie yaliyotokea.

Watu wanaopenda kusema "ikiwa tayari" wanapenda kuitaja Debian. Ni kweli, hiyo ndiyo kauli yao. Lakini angalieni: toleo lao liitwalo Woody lilitoka Julai 2002, lililofuata, Sarge, likatoka Juni 2005. Karibu miaka mitatu. Kwa kompyuta miaka mitatu ni umri wa mtoto kuanza chekechea. Wengi waliotaka vitu vipya wakawa wameshahamia kwingine, na Ubuntu ilizaliwa katika pengo hilo hilo. Na Debian wenyewe hawakubaki hapo. Mwaka 2009 waliamua kugandisha kwa kalenda, na sasa toleo linakuja takriban kila miaka miwili: Agosti 2021, Juni 2023, Agosti 2025. Bado wanasema ikiwa tayari, lakini siku ya kufunga mlango inajulikana mapema. Anayeikariri kauli yao bila mlango wao amechukua nusu ya somo, tena ile nusu tamu.

Na sisemi tarehe ni msahafu. Mwaka 2006 Ubuntu walitakiwa kutoa toleo la Aprili, ambalo lilikuwa la kwanza kuahidiwa kutunzwa kwa muda mrefu. Wakaona halijakaa sawa. Wakalijadili waziwazi mapema, wakaahirisha wiki sita, likatoka Juni 1, ndio maana linaitwa 6.06. Na lile la Oktoba mwaka huo huo likatoka Oktoba. Mmeona tofauti? Waliahirisha mara moja, kwa sababu iliyotajwa, kwa tarehe mpya iliyotajwa, na deni la kuchelewa hawakulihamishia toleo lililofuata. Sisi tuliahirisha kila wiki bila kumwambia mtu yeyote. Kuahirisha kwa namna hiyo ni kumtoroka anayekusubiri.

Halafu hili la ubora. Ubora unautoa wapi ukiwa kwenye kimbweta? Tulikaa miezi minne tunasafisha hifadhidata, na kosa la kwanza la maana lilionekana siku ya kwanza baba mdogo alipoigusa: kuna wakulima wawili wa kijiji kimoja wenye majina yote matatu sawasawa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa! Watu sita wa chuo hatukuliwaza, karani aliliona ndani ya saa moja. Kila mwezi tuliochelewa "kwa ajili ya ubora" ulikuwa mwezi mmoja ambao yule anayejua ubora hakuiona kazi yetu.

KALENDA YA NANI?

Sasa wale walioniunga mkono kimoyomoyo jana, msishangilie mapema, kuna neno lenu pia. Dada mmoja wa mwaka wa 3 alisema basi tuweke Julai 7, Saba Saba, tutapata pa kuonyesha. Mwingine akasema mwisho wa Juni, kabla ya kwenda fildi. Hizo ni tarehe, ndiyo. Lakini ni tarehe zetu. Ukichagua tarehe kwa kuangalia utukufu wako utamkuta karani kwenye foleni tena.

Kuna mfano wa nyumbani ambao kila mwanafunzi wa kompyuta nchini hii anapaswa kuujua. Desemba 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, kuandika barua na hesabu, menyu zote kwa Kiswahili. Mpaka leo ninajivunia, mtu alikaa akatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Ilijengwa juu ya OpenOffice 1.1.3. Oktoba 2005, miezi kumi baadaye, OpenOffice wakatoa 2.0, yenye mambo mengi mapya na maneno mapya ya kutafsiri. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba anayetafsiri au anayejenga juu ya kazi ya wengine anaishi kwenye kalenda ya wengine, atake asitake. Ukiijua mapema unajipanga nayo. Usipoijua kila siku unatafsiri ya jana. Ndio maana miradi makini ina siku ya kugandisha maneno, wiki kadhaa kabla ya toleo: kuanzia siku hiyo huruhusiwi kubadili hata neno moja kwenye skrini, ili mtafsiri wa Kiswahili au Kichina apate muda sawa na wa Kiingereza. LibreOffice, iliyozaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010, inatoka Februari na Agosti, na tangu 2024 namba zake ni mwaka na mwezi. Mtafsiri aliyeko Mbeya anajua leo kazi yake ya mwakani.

Mfano mwingine uko hospitali yoyote ya wilaya. Takwimu za vituo vya afya vya Tanzania zinaingia kwenye DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo ndani yake miaka mingi. Zamani matoleo yalikuwa zaidi ya moja kwa mwaka, siku hizi kubwa ni moja. Mimi naona ni akili. Fikiria kuwafundisha upya makarani wa takwimu wa nchi nzima mara tatu kwa mwaka! Kwa hiyo kutoa mara nyingi nako sio ushindi. Mwendo sahihi ni ule ambao mtumiaji anaweza kuupokea bila kuacha kazi yake.

Na mtumiaji wetu anao mwendo wake, ni mkulima wa pamba. Yeye ndiye mtu mwenye dedilaini kuliko sisi wote. Kwetu pamba inapandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Ukipanda Februari hakuna wa kukuchapa, ila mvua haitakusubiri. Baada ya mavuno mabua yanang'olewa na kuchomwa kabla ya msimu mwingine, ili funza wasivuke. Hakuna anayesema "nitang'oa nikiwa tayari", kwa sababu funza wake watahamia kwa jirani.

PENDEKEZO LANGU

Sipendi watu wanaopiga kelele halafu wanaondoka bila kusema wanataka nini. Mimi nataka hivi, na kesho nitalipeleka kwenye kikao kwa maandishi:

Matoleo mawili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Sio kwa kuiga Ubuntu, imetokea tu. Aprili kwa sababu Mei mizani inaanza. Oktoba kwa sababu msimu umeisha, karani ana nafasi ya kutuambia yote yaliyomkera, na sisi tumerudi kutoka fildi.

Vipengele vipya mwisho Januari 15. Baada ya hapo mlango umefungwa. Februari tuna UE, hakuna atakayedaiwa kitu, na mtu asijifanye shujaa. Ratiba inayojifanya kwamba mitihani haipo imeshavunjika siku iliyoandikwa.

Machi 1 programu iende Mhunze kama ilivyo, na makosa yake, kwa baba mdogo au karani yeyote atakayekubali. Aingize kitabu cha msimu uliopita chote, tuone kama jumla zinalingana. Maneno ya kwenye skrini yagande Machi 15. Toleo Aprili 10. Kipengele ambacho hakijakaa sawa kinatolewa, kinangoja Oktoba, hata kama ni changu. Hasa kama ni changu.

Kuanzia msimu unapofunguliwa mpaka unapofungwa, hakuna toleo jipya. Marekebisho ya makosa tu, yale yanayogusa kilo na pesa. Hata kama mmoja wetu amegundua dawa ya kifo, asubiri Oktoba.

Na kama tunaona tutachelewa, tuseme kabla ya Machi 20, kwa sababu na kwa tarehe mpya. Ikishavuka Aprili 30 hatutoi kabisa. Tunamwambia karani wazi: mwaka huu tumia kitabu chako, tumeshindwa. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote na najua mshkaji ataipinga. Lakini kitabu kimoja kamili ni salama kuliko nusu kitabu na nusu kompyuta. Yule mama wa kilo 84 anajua.

Mtasema nimelichukulia kibinafsi. Ndiyo, nimelichukulia kibinafsi. Programu huria tunaisifia sana hapa chuo: ni bure, ni uhuru, ni ya wote. Sawa. Lakini mtu akiifungia ng'ombe wake mmoja kibali cha kuuzwa ili anunue printa kwa sababu wewe umemwambia unakuja, hapo tayari umeshakuwa na mkataba. Haukuandikwa, hauna muhuri, hauna mahakama. Kwa hiyo unalindwa na kitu kimoja tu, neno lako. Na neno lisilo na tarehe ni rahisi sana kulimeza.

Leo jioni nimempigia baba mdogo. Mvua za kwanza zimeanza, wako shambani wanapanda. Nilimwambia Aprili 10. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Ya mwaka gani?" Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kwa shida. Kisha akasema printa bado iko kwenye boksi, ameifunika na nailoni vumbi lisiingie.

Kwa hiyo wadau, tarehe imeshatoka, nimeitoa mimi bila kuuliza kikao, wenzangu mtanisamehe au mtanifukuza. Wale mnaosoma kompyuta na mna jioni moja kwa wiki, njooni vimbwetani Jumamosi saa 10, kuna kazi ya wakulima wenye majina yanayofanana na bado hatujaimaliza. Wale mnaopinga, pingeni, ila mje na tarehe yenu.

Naomba kuwasilisha. Nakwenda kusoma, kesho kuna testi.